Kwaya ya Watu Ishirini na Tisa

Nekesa mjukuu wangu,

Sisi huku Riruta tuko sawa, na goti la mamako limepoa. Umeniuliza kwa nini ukitaka kujua kama ishirini na tisa ni namba tasa, unaacha kujaribu ukifika tano.

Nilipofika Gatwekera nikiwa msichana, niliingia kwaya ya kanisa. Walikuwa ishirini na wanane, safu nne za watu saba. Mimi nikaziharibu. Mwalimu wa kwaya alipenda safu zinazolingana, basi akatupanga wawili wawili, nikabaki. Watatu watatu, wakabaki wawili. Wanne akaruka, maana wawili walishakataa. Watano watano, wakabaki wanne. Alipotaka sita, mama mmoja wa sauti ya pili akasema, “Mwalimu, wacha. Tukiwa sita au zaidi kwa safu, safu hazitafika tano, na hizo namba ndogo zote zimekataa, ziwe za watu au za safu.”

Nikaanza kuvua joho, nikijua narudishwa nyumbani.

“Wewe mgeni,” mwalimu akasema, “simama mbele uanzishe wimbo.”

Hakuwa amewahi kusikia sauti yangu. Nikaanza kwa woga, chinichini, na nyuma yangu safu nne zilizonyooka zikaitikia.

Nyanyako