Alama Ambazo Jiko Halikuzichora

Jumanne, 14 Julai 1987. Ukungu tangu alfajiri. Kutoka dirishani sikuona hata zizi la ng'ombe.

Nilitazama mapaja yangu kabla ya kuvaa. Wavu bado upo: mistari ya zambarau inayozungukana, kama mito isiyojua inakoelekea. Nikauchora kwa penseli, nikaandika tarehe. Mchoro wa ishirini na sita.

Mama mkwe alipouona mara ya kwanza, nikiota moto jikoni, alicheka. "Hiyo ni jiko, msichana! Hapa Cheptiret sisi wote tumechomwa. Toka hapo kabla hujaiva." Akanionyesha miguu yake. Nikamwamini, nikahamisha kigoda hadi mlangoni, nikakaa kwenye baridi.

Wavu ukakolea.

Leo nilienda mjini Eldoret kuchukua dawa za goita, huu uvimbe wa shingo yangu. Nikamwonyesha daktari michoro, nikiona haya kidogo. Aliipanga mezani kwa tarehe, kisha akauliza kama nimewahi kupoteza mimba. Mbili, nikamjibu. Ya miezi minne, na ya miezi mitano.

"Hii si jiko, Mama. Alama za jiko hazizidi ukikimbilia baridi."

Alieleza polepole. Mwili unaoishambulia tezi ya shingo waweza kuishambulia damu pia, ikaganda pasipofaa, hata kwenye mishipa inayomlisha mtoto tumboni. Hana hakika bado. Alinitoa damu ipelekwe Nairobi. Majibu yatachukua wiki kadhaa, na kwa sasa nisishike mimba.

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikumwambia kwamba hedhi yangu imechelewa siku kumi na moja. Mimi ninayeandika kila kitu, hilo sikuliandika hata humu. Nilidhani lisipoandikwa litakaa salama, kama ndoto isiyosimuliwa. Njia yote ya kurudi nilikuwa kama ninaelea garini, mkono tumboni, mashamba ya mahindi yakipita meupe meupe, nikiwaza mito midogo ndani yangu ikisimama mmoja baada ya mwingine.

Nani angemlilia huyu safari hii, ikiwa hakuna aliyejua yupo ila mimi niliyenyamaza?

Jioni nikamwambia mama mkwe yote. Hakucheka. Alikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

"Kesho tunarudi kwa huyo daktari, mimi na wewe. Ng'ombe watakamuliwa na bwanako, ajifunze."

Nimeliandika sasa. Siku kumi na moja.

Saa tatu na robo usiku. Nalala.