Ila ya Mama

Same,
14 Novemba 1999

Dada yangu mpendwa Yudith,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha yenye stempu na mwandiko wangu uliopinda. Kompyuta ya ofisini haijaharibika. Nimetaka tu kukuandikia kwa mkono. Habari za Francistown, na habari za kazi? Ule mguu wako uliokuwa ukivimba kwa kusimama wodini kutwa nzima umepata nafuu? Na watoto je, bado wanasema Kipare, au wameshakuwa Watswana kabisa? Tunawataja hapa kila siku.

Mahali hapa ndipo ningeandika kwamba sisi huku hatujambo. Nimeianza sentensi hiyo mara tatu, na mara tatu nimechana karatasi, mpaka wifi yako Priska akaniuliza kama siku hizi nimeajiriwa kuchana. Naomba niiache kwanza. Nitairudia mwishoni, na utajua kwa nini.

Mvua za vuli zimeanza vizuri. Jumamosi nilipanda mlima kwenda nyumbani Gonja nikakuta migomba ya mama imestawi, na yule mbuzi wake mweupe bado ana kiburi kilekile, anampiga teke kila anayemkaribia na kikombe. Fundi Eliufoo amemaliza kujengea kaburi kwa mawe, kazi safi sana. Kimebaki kibao cha maandishi. Nilimsomea barua yako, kwamba aandike jina la mama na miaka yake, na chini aweke: "Uliondoka ghafla, hukutuaga." Alikuwa ameshachekecha mchanga. Nikamwambia asichanganye saruji kwanza. Akataka kujua kama maneno ya dada yangu yana kosa. Nikajifanya namwangalia mbuzi.

Dada, maneno yako yana kosa, na kosa ni langu. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nikiruka chochote nitakuwa najipendelea.

Unakumbuka ushirika ulipofungwa nikakaa miaka miwili nikiuza chumvi na viberiti stendi, karani mzima mwenye cheti, huku walimu wangu wa zamani wakinunua kwangu kwa huruma. Kwa hiyo Bwana Humphrey alipofungua hapa Same ofisi ya kununua tangawizi ya wakulima wa kule Mamba, akaniweka kwenye kiti chenye magurudumu mbele ya kompyuta, ningemfanyia lolote. Kompyuta ile ilipiga simu Arusha mara mbili kwa siku, ikachukua barua na kupeleka majibu. Mama alikuwa akinitania kwamba aliniita Tuma kabla hajajua kuwa nitakuja kulipwa kwa kutuma.

Barua za wanunuzi zilikuwa nyingi, na zote ziliuliza mambo yaleyale. Ndipo Novatus, fundi wa kompyuta kutoka Arusha, akatuwekea programu ya majibu. Unaandika barua ya mfano mara moja, unaipa namba, na siku nyingine ukibonyeza namba ile barua inajiandika yenyewe yote. Namba moja ilikuwa ya bei. Namba mbili ilisema lori limekwama. Niliifurahia programu ile kama mtoto, nikatunga mpaka namba saba, na namba saba ilikuwa yako. Unaijua kwa moyo: "Shikamoo dada. Natumaini hujambo na kazi zinaendelea vizuri. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, anakusalimu sana. Usiwe na wasiwasi."

Mwanzoni namba saba ilikuwa mwanzo tu. Nikishaibonyeza, chini yake naongeza habari zenyewe kwa vidole vyangu, kama ile ya mbuzi kula kitabu cha nyimbo Priska akiwa anaimba. Baadaye uvivu ukaniingia. Nikawa naibonyeza na kuituma ilivyo, na wewe ukawa unajibu kwa furaha.

Sasa kumbuka tabia ya mama akisomewa barua. Msomaji akifika kwenye "sisi huku hatujambo", mama aliinua mkono kumsimamisha, akajiweka sawa kwenye kigoda, akakunja khanga magotini, kisha akasema sasa tusikie ila. Alikuwa akisema kuwa hatujambo huandikwa na kila mtu, hata aliyelazwa, na kwamba barua yenyewe huanzia kwenye ila. Kama barua haikuwa na ila, aliirudisha kwa msomaji aitafute vizuri. Tulimcheka sana, mimi na wewe.

Mama alianza kuumwa mwezi wa tisa mwaka jana. Ndiyo, dada. Mwezi wa tisa. Tumbo lilimsumbua, akakonda, akawa hawezi tena kuteka maji. Alinikataza nisikuambie, akasema una watoto wa kulisha katika nchi ya watu na kwamba wewe ukisikia tumbo utafikiria mabaya yote uliyoyasoma kwenye vitabu vya uuguzi. Nilimtii. Kwa kweli haikuwa kazi kumtii, maana namba saba ilikuwepo tayari.

Jumatano moja ya Novemba akateremka Same mwenyewe kwa basi, ameegemea bega la Priska, ambaye alikuwa amekwenda kumwangalia. Akaja mpaka ofisini. Aliketi kwenye kile kiti changu cha magurudumu, akakishika pande zote mbili kwa hofu kisimkimbize, akaniambia amebadili nia. Alitaka nikuandikie, tena hapohapo, akiwa anaona. Simu ya asubuhi ilikuwa imeshapigwa na ya jioni bado, nami nilikuwa na lundo la kazi, kwa hiyo nikachukua karatasi ya ofisi nikaandika maneno yake kwa kalamu. Yalikuwa machache. Aliniuliza mara mbili kama nimeandika ila yake. Nikamwambia nimeiandika, na kesho itakufikia. Nikakunja karatasi nikaitia mfuko wa shati.

Kesho yake Novatus alikuja na disketi ya programu mpya. Bwana Humphrey alikuwa amewaalika wakubwa wake kutoka Dar waone, na asubuhi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wakubwa wanapunguza watu, hivyo nionyeshe kuwa karani mmoja anatosha ofisi nzima. Programu mpya ilikuwa na mambo mazuri, sikatai. Ilisoma jina la aliyeandika ikaliweka yenyewe kwenye jibu. Ilijua nani ni Bwana na nani ni dada. Na sasa uliweza kuziwekea alama barua zote za siku, kila moja na namba yake, ukabonyeza mara moja tu na zote zikajibiwa kwa mkupuo. Kitu kimoja haikuwa nacho: ukijibu kwa mkupuo, huna mahali pa kuongeza neno chini.

Barua zilikuwa ishirini na sita, na moja ilikuwa yako. Niliifungua wageni wamesimama nyuma yangu. Uliandika kwamba kwa majuma mengi nakuletea maneno yaleyale, kwamba una wasiwasi, na kwamba matroni yuko tayari kukupa ruhusa. Nikikujibu siku hiyohiyo kuwa mama si mzima, utawahi treni ya Ijumaa pale Kapiri Mposhi, Zambia. Niliisoma yote, dada. Usije ukadhani sikuisoma. Karatasi ya mama ilikuwa mfukoni. Bwana Humphrey akanigusa bega, mgeni mmoja akatazama saa yake ya mkono. Nikakuwekea alama ya saba, nikajiambia kuwa jioni nitakutumia nyingine yenye ila ya mama, nikabonyeza. Kompyuta ikapiga simu Arusha palepale, zikaenda zote ishirini na sita, na wageni wakapiga makofi. Nami nilitabasamu.

Alasiri upepo ukaangusha nguzo za simu. Mwaka jana ulipokuja niligusia kwamba simu zilikuwa mbovu wiki mbili. Zilikuwa mbovu siku nne. Jumatatu zilirudi, na barua ya kwanza kuingia ilikuwa yako, ukinishukuru. Ulisema umelia kwa furaha, umemwambia matroni ruhusa haina haja tena, na kwamba mdogo wako hawezi kukudanganya. Nikatoa karatasi mfukoni nikaandika ila ya mama kwenye kompyuta, herufi zote zikawa mbele ya macho yangu. Nikaona kuwa nikiituma itabidi nieleze kwa nini Alhamisi nilisema hajambo. Nikaona aibu. Nikaifuta, nikabonyeza saba.

Hilo si la mwisho. Jumanne nilipanda Gonja, na mama aliniuliza kabla sijaketi kama umejibu. Nikamwambia umejibu. Akataka kujua umesemaje. Dada Yudith, nilimwambia uko njiani.

Alipiga kigelegele kidogo, cha mgonjwa. Akamwita Priska akamwambia atandike kitanda chako kwa shuka jipya na khanga ile ya maua unayoipenda, na atundike mkungu wa ndizi chumbani uive taratibu, ukifika ukute zimeiva. Kila siku aliuliza umefika wapi, na mimi nilimtajia vituo. Nilimwambia umeshavuka Tunduma. Nikamwambia uko Mbeya. Nilikuleta mpaka Dar es Salaam kwa mdomo wangu. Siku ya sita aliona mchana ni mrefu, akaomba mlango uachwe wazi asikie basi likipanda. Basi lilipita, na kabla halijageuka kurudi alikuwa amekwisha tuacha.

Nilikupigia simu nikakuambia ni ghafla. Ulifika siku ya tatu baada ya mazishi, ukakuta kitanda kimetandikwa na ndizi zimeiva, ukaanguka juu ya khanga ile ukilia kwamba moyo wa mama ulijua utakuja. Priska alitoka nje kwa sababu alishindwa kuvumilia. Mimi nilikushika mkono. Uliniambia kwamba barua zangu za kila wiki ndizo zilizokutuliza, ukanishukuru tena, na tangu siku hiyo sijapata usingizi unaofaa kuitwa usingizi.

Hakuondoka ghafla. Aliugua majuma kumi na moja, alikuita, na alikungoja. Sikuombi unisamehe katika barua hii, maana hata barua ya kuomba msamaha najua jinsi inavyoanza na inavyoisha, na naogopa kuwa nimeisoma mahali. Naomba tu uniambie Eliufoo aandike nini. Ukisema jina langu lisitajwe kwenye ibada ya kumbukumbu, halitatajwa, nitakaa nyuma kabisa na wageni.

Priska anakusalimu, naye ndiye aliyeniambia kwamba nisipoandika mimi ataandika yeye. Wasalimie watoto, waambie mjomba wao anawapenda. Majirani wote wa Gonja wanakusalimu pia, nawe upokee salamu zangu kama utaweza kuzipokea.

Sasa ile sentensi niliyoiacha. Karatasi ya ofisi ninayo bado, imefifia kwa jasho la mfukoni, nami nanakili kama mama alivyoniambia akiwa amekishika kiti changu kwa mikono miwili. Imechelewa mwaka mmoja:

"Mwanangu Yudith, mimi sijambo, ila njoo."

Ni mimi mdogo wako,
Tumainieli