Supu ya Boga kwa Bibi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wasichana watatu hatujambo huku safarini ugenini, ingawa jana Kasuku, rafiki yangu yule mwenye maneno mengi, alituagizia chakula mkahawani kwa kuangalia picha za menyu tu. Pilipili tupu! "Kuleni, mashoga, picha haidanganyi," akasema, machozi yakimtoka.

Leo tumepata supu ya boga laini, isiyohitaji kutafunwa. Nikamkumbuka bibi anavyolisukuma mbali bakuli la uji tangu augue. Unaijua aibu yangu, lakini niliingia jikoni kuuliza wanaipikaje. Mpishi hakuelewa lugha yangu, akanipa mwiko tukapika pamoja.

Nakuja Jumamosi. Nunua boga. Mwambie bibi sitatia kitu mdomoni mpaka yeye ameze kijiko kimoja, tuone nani mkaidi zaidi.

Mwanao,
Kitindamimba