Miguu ya Kwenda Namugongo

Ronge, 3 Machi 2024

Mwanangu Jedidah,

Natumaini wewe na Daisy mmeamka salama. Mimi kifua kimetulia. Naandika kwa sababu simu hukatika kabla sijamaliza kueleza.

Uliuliza nilivyojiandaa mwaka ule nilipotembea kuhiji Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda. Usinunue viatu vipya. Vya safari ni vile vilivyokwisha kukujua. Vaa soksi mbili, ya ndani iwe nyepesi, na upake mafuta ya mgando katikati ya vidole. Tembea mara tatu kwa wiki, ukiwa na mzigo uleule utakaoubeba. Nunua kioo kidogo, kila jioni utazame nyayo, maana jicho halifiki huko. Lengelenge usilipasue. Mguu ukiuma, ushukuru: unakueleza mahali kiatu kinapokosea.

Baba yako

Voi, 25 Machi 2024

Shikamoo baba,

Sisi wazima. Daisy amepona kabisa, hata kidonda cha upasuaji kimefunga. Kwa hiyo nadhiri niliyoweka mlangoni pa chumba cha upasuaji lazima niitimize.

Jumamosi tulitembea kutoka Voi hadi Mwatate. Hillary, kiongozi wa msafara wetu, alifika akichechemea. Mimi sikuumwa popote. Akanitania, "Mama Daisy, hiyo miguu umeazima kwa punda gani?" Nyumbani nikakuta soksi ya kushoto imelowa damu. Mwiba ulikuwa umetoboa kiatu, sijui tangu wapi. Umeona nilivyokomaa? Kioo sijanunua.

Mwanao, Jedidah

Ronge, 28 Machi 2024

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi sijatulia tangu nisome barua yako.

Nilikufundisha nusu. Mguu uliokomaa huuma kidogo. Usiouma kabisa una ugonjwa. Mama yako alikanyaga kaa la moto jikoni akaendelea kusonga ugali, nami, mwalimu mzima, nikajisifu kwa majirani kwamba nimeoa mwanamke shupavu. Kumbe ilikuwa sukari. Unajua kwamba mguu wake wa kushoto tuliuzika mwaka mzima kabla yake.

Nakuomba, kapime sukari asubuhi, kabla ya chai. Nadhiri inaweza kungoja mwaka mwingine. Kidonda hakingoji.

Baba yako

Ronge, 12 Aprili 2024

Mwanangu,

Nakusalimu tena, ingawa sijui nasalimu mgonjwa au mzima. Wiki mbili kimya, na simu umeizima. Msafara unaondoka keshokutwa. Ulipokuwa mdogo ulinyamaza hivihivi kila ulipovunja kitu.

Neno moja tu: umepima?

Baba yako

Mtito Andei, 19 Aprili 2024

Shikamoo baba,

Nilipima. Sukari ilikuwa ishirini na mbili, na daktari alinikataza safari. Nilinyamaza kwa sababu ningekuandikia uongo. Niliogopa kwamba nikiivunja nadhiri, Daisy ataugua tena.

Nimetembea siku tano bila uchungu. Jana jioni Hillary alisikia harufu. Hakutania. Aliazima kioo kwa mama mmoja, akakishika chini ya mguu wangu wa kushoto, nikaona. Tundu la ule mwiba sasa linaingia kidole.

Wenzangu wameendelea asubuhi. Mimi nimeketi hapa kanisani nikingoja gari la kunirudisha Voi, hospitalini. Kupiga simu siwezi, nitalia.

Ukija, usinieleze chochote. Niletee zile ndara za mama za buluu. Ya kulia imelika kisigino. Ya kushoto bado mpya.

Mwanao, Jedidah