Kiungo cha Thelathini na Moja

Harrow Creek, 14 Oktoba 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, ila nimekonda. Jirani yangu ananiletea supu ya borshi kila Jumapili kana kwamba mimi yatima.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa mwingine. Kazi yangu hapa maabara unaijua: kuzungusha elektroni ndani ya lile bomba la duara mlilolijenga, zitoe mwanga ambao wenzangu wanautumia kuchunguzia dawa na vyuma. Zikishaingia, zinatakiwa zizunguke saa kumi hivi kabla hazijapungua nusu. Zetu hazifiki saa mbili, tangu siku ya kwanza, miaka mitano sasa. Mkurugenzi wetu, Dokta Pruitt, anasema mashine ni mbovu toka kuzaliwa, na Desemba ataiambia bodi iifunge.

Baba, nimepata penye ugonjwa. Nilitumia sumaku kuusogeza mkondo wa elektroni kidogo kidogo, kipande kwa kipande, duara zima. Hakuna kilichobadilika mpaka nilipofika kiungo cha thelathini na moja. Pale nikiusogeza milimita tatu kushoto, zinaishi saa saba. Nikiurudisha katikati, zinakufa. Kuna kitu kimejitokeza njiani humo ndani.

Uliniambia mwenyewe kwamba upande ule wa kaskazini, kilipo kiungo hicho, wote ni mkono wako.

Binti yako,
Darka

Yorkton, 23 Oktoba

Darka,

Marahaba. Goti ni lilelile. Theluji imetangulia mwaka huu.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikaitupa kwenye kikapu cha kuni, kisha nikaenda kuitoa. Miaka thelathini na nane nimechomelea mabomba ya watu. Leo binti niliyemsomesha ananiambia kwamba elektroni, vitu ambavyo hakuna aliyeviona kwa macho, vimenishtaki! Anza na kompyuta yako. Ukimaliza huko, ndipo uje kwangu.

Baba yako

Harrow Creek, 2 Novemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri kuliko mimi. Hasira zako nimezipokea, nimeziweka kando ya zangu.

Sikusema mshono wako wa kuchomelea unavuja. Mshono ni mzima. Nazungumzia kilichomo ndani.

Jana kikaoni nilimwomba Pruitt ruhusa ya kukifungua kiungo kile. Akacheka. "Darka, wewe unatafuta mchawi."

Nikamwambia, "Kumtafuta nimeshamaliza. Sasa nataka kumtoa."

Baadaye akaninyang'anya kadi ya chumba cha mitambo, akasema nikilitaja tena nitafute kazi kwingine. Leo nimelitaja tena, mkahawani, mbele ya watu kumi na wawili, mdomo umejaa viazi.

Ulipokifunga, Baba, ndani kulikuwa na nini?

Binti yako,
Darka

Harrow Creek, 24 Novemba

Baba,

Shikamoo. Afya yako siijui, maana ukisikia sauti yangu kwenye simu unakata.

Bodi inakutana tarehe tisa Desemba. Sikuombi radhi kwa swali nililouliza. Nauliza tena.

Darka

Yorkton, 1 Desemba

Darka mwanangu,

Marahaba. Mwili mzima. Moyo ndio ulikuwa mgonjwa, na dawa yake nilikuwa nayo mdomoni.

Ndani ya kila kiungo cha mikunjo kuna ndimi za shaba, nyembamba kama wembe, zinazofunika mikunjo hiyo ili njia iwe laini. Cha thelathini na moja kilianguka kutoka mezani, na ulimi mmoja ukapinda kuelekea katikati. Nikamwonyesha msimamizi wetu, Gus Lindgren.

"Funga, Metro," akasema. "Waziri anakuja kukata utepe Ijumaa."

"Gus, hiki kimepinda."

"Kilichopinda ni shingo yako. Funga, au nimwite mwingine afunge."

Nikafunga. Ule ndio mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kuchomelea. Labda ni aibu iliyonishika mkono.

Mama yako amekufa hajui. Ulipopata kazi hapo nilitaka kukuambia, nikaona unavyojivunia kazi hiyo, nikameza. Nimemeza vya kutosha. Tarehe tisa napanda basi la alfajiri. Usinizuie.

Baba yako

Harrow Creek, 20 Januari 2005

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilisubiri kwanza tufungue ndipo nikuandikie; ulifika salama siku ile? Uliondoka kikaoni bila kuaga mtu, mlango ukaubamiza mpaka chai zikamwagika, kwa hiyo hukuona kilichofuata.

Pruitt alikuwa bado amesimama. Lile swali lake, "Mzee, wewe unajua nini kuhusu elektroni?" na jibu lako, "Sijui kitu. Najua nilichokificha," bado vinaigizwa mkahawani. Ulipotoka, yule mama wa bodi mwenye miwani akamuuliza, "Kufungua ni siku ngapi?"

"Siku moja. Na wiki mbili za kunyonya hewa itoke, lakini..."

"Basi fungua."

Tumefungua. Ulimi ulikuwa pale, umejikunja kama ndoana, ncha yake imeungua nyeusi. Tumeweka mpya. Jana elektroni zimeishi saa tisa na nusu. Nililia mbele ya wanafunzi, wala sikujificha.

Sasa kuna ripoti, na mimi ndiye wa kuiandika. Pruitt amenifuata. Anataka niandike "kasoro ya kiwandani", basi. Ulichosema kikaoni hakijaandikwa popote. Wewe utabaki na heshima yako, mimi nitapewa uongozi wa chumba cha mitambo, na Gus atazeeka kwa amani. Nimemwambia siandiki uongo, hata anifukuze leo. Lakini jina ni lako, Baba, na Yorkton ni mji mdogo. Niambie.

Binti yako,
Darka

Yorkton, 27 Januari

Darka mwanangu,

Marahaba, na hongera. Nilifika salama. Goti lilivimba kwa basi lile, lakini sasa natembea.

Andika. Andika la Gus, aliyeamuru, na andika langu, niliyejua nikafunga. Hapa mjini wenye la kusema waje mlangoni, nipo.

Na herufi za jina uzitazame: H, R, Y, N, I, U, K. Kwenye karatasi za mshahara walilikosea miaka kumi na tisa, nami sikuwahi kusema neno.

Baba yako,
Metro Hryniuk