Safu ya Chini ya Kabati la Zamani

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua chumba cha seva cha hospitali, nimewasha kiyoyozi, nimefuta vumbi. Kama kila Jumatatu. Taa zote za kijani. Kabati jipya la diski jembamba, halina kelele. Rashidi, fundi wa kampuni iliyotuuzia, alimaliza kuhamisha data Ijumaa jioni, akarudi Dar. Jumamosi wakaja watu kuchukua kabati la zamani. Mimi nilikuwa msibani Igoma. Sikuona likiondoka na sikuwa na hamu ya kuliona.

Kabla hata sijanywa chai, Mama Kabula wa mionzi amepiga simu. Picha hazifunguki. Nikajua ni kompyuta yake, huwa inamsumbua. Nimekwenda. Kompyuta nzima kabisa. Picha za leo zipo kwa sababu bado ziko ndani ya mashine yenyewe. Za zamani hakuna. Si za mwezi uliopita, si za mwaka juzi. Hakuna.

Nimerudi kwenye seva. Folda ipo. Tupu.

Nimekaa chini sakafuni hadi Mama Kabula alipokuja kunitafuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala vibaya. Niandike ili nielewe mwenyewe.

Kwa daktari, ghala la picha ni kitu kimoja. Anabofya jina la mgonjwa, picha inakuja. Lakini chini yake ghala lile limeunganishwa kutoka safu tatu za diski, na seva inazishona pamoja zionekane moja. Safu mbili za juu ndizo za mwanzo. Ya chini iliongezwa baadaye, nafasi ilipoanza kubana. Ikikosekana moja, seva inagoma kuwasha zote. Na haikosei, maana picha zimetapakaa kote kote.

Leo seva inaniambia safu mbili inazo. Ya tatu haijulikani iliko.

Nimempigia Rashidi. Amesema yeye alionyeshwa safu mbili, akahamisha safu mbili. Hiyo ya chini alidhani haina kazi. Alidhani. Nimemchukia, halafu nimekosa hata nguvu ya kuendelea kumchukia.

Nakala? Nakala za akiba zilikuwa zinaandikwa kwenye safu hizohizo tatu za kabati la zamani. Ulikuwa mpango wa kabla yangu, na maombi yangu ya kuubadilisha yalikuwa bado yanazunguka ofisini.

Rashidi ana njia ya mkato. Ipo amri moja: unaiambia seva isahau safu iliyopotea, iwashe zilizobaki. Ghala litawaka. Ila litawaka na mashimo, na hakuna kurudi nyuma. Picha itafunguka nusu, au itafunguka ikiwa ya uongo.

Sijaiandika hiyo amri. Mikono ilikuwa juu ya kibodi.

Jumatano, 5 Machi

Mkurugenzi, Dkt. Mabula, ameniita asubuhi. Mama Kabula alikuwa ameshakaa. Nimewaamkia, wameitikia marahaba bila kuniangalia.

Ndipo nikajua habari ya Pendo. Ni mama mkulima wa mpunga kutoka Magu, amelazwa wodi ya wanawake. Ana uvimbe kichwani. Mwaka jana alipigwa picha hapahapa kwetu, akaambiwa arudi. Amerudi. Ijumaa wanakuja madaktari wa upasuaji wa ubongo, wanakaa siku hiyo tu, kisha wanaondoka. Picha mpya anayo. Wanataka ya zamani waziweke pamoja: kama uvimbe umekua, wanampasua. Kama haujakua, wanamwacha.

"Na wakikosa ya zamani?" nimeuliza.

Dkt. Mabula akavua miwani. "Watampasua. Hakuna atakayekubali kukisia kwamba uko vilevile, halafu aondoke."

Akaniuliza kwa nini nisiitumie hiyo amri ya Rashidi, tupate tunachopata. Wodi zote zinamlalamikia. Sikumlaumu. Nimemwambia nikiitumia, hata safu ya tatu ikipatikana haitashonwa tena na hizi mbili. Mama Kabula akasema mwanangu, basi litafute hilo kabati, limekwenda wapi?

Hilo swali rahisi sikuwa nimeliuliza siku mbili nzima. Nilikuwa nimejifungia na seva kama vile imelificha yenyewe.

Kabati lilitolewa msaada kwa shule ya sekondari ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Mwalimu aliyelichukua anaitwa Domina. Nimepiga simu yake mpaka betri yangu ikaisha. Haipatikani.

Amri sijaandika. Dkt. Mabula amenipa kesho. Kesho tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi. Nimelowa, miguu ina matope hadi magotini. Naandika kabla sijaoga kwa sababu nikioga nitalala.

Tumevuka na kivuko cha kwanza, mimi na dereva na gari la hospitali. Mvua ziwani. Gatini Kamanga watu wamejibanza chini ya mabati. Barabara ya kwenda shuleni imekatika sehemu mbili, tumezunguka mashambani. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni: wameshafuta. Wamekaa nalo tangu Jumamosi. Nani angekaa na diski siku zote hizo bila kuzifuta?

Mwalimu Domina tumemkuta darasani, anafundisha hesabu. Mama mrefu, mkali wa macho, ndiye pia mwalimu wa kompyuta. Akatupeleka ofisini kwake. Kabati liko pembeni, limefunikwa kitenge kuzuia vumbi. Nimelivua kitenge. Safu mbili za juu kamili. Ya chini ina matundu mawili wazi, diski hazimo.

Safu hiyo ni diski nne. Imetengenezwa kuvumilia kifo cha diski moja. Si mbili.

Nimemuuliza ziko wapi. Akasema amezifunga kwenye kompyuta za maabara, alianza na za chini kwa sababu ndizo alizofikia bila kuinua kabati. Ya kwanza ameshaifuta, inafanya kazi vizuri sana, asante.

"Na ya pili?"

"Ya pili nilikuwa ndiyo nimeifunga, hata sijawasha, transfoma ikalipuka. Tangu Jumapili hatuna umeme. Hata simu hatuchaji."

Nimeegemea ukuta. Nadhani nililia kidogo, maana alinisogezea kiti.

Halafu ikawa vigumu. Nimemwambia inabidi tulichukue. Lote. Uso wake ukakunjana.

"Mmetuandikia barua mnatupa," akasema. "Nimewaambia wazazi kwenye kikao. Nimewaambia wanafunzi. Leo mnakuja kutunyang'anya?"

Angekuwa anapiga kelele ingekuwa nafuu. Alikuwa anasema taratibu. Nilitaka kumwambia nitalirudisha, lakini mimi si wa kuahidi mali ya hospitali. Nikamweleza habari ya Pendo, yote, hata pale ambapo sikuwa na uhakika. Kwamba kuna mama wa Magu kitandani na kichwa chake kinategemea diski hii aliyoifunga na ambayo hakuiwasha.

Alinisikiliza. Akauliza huyo mama ana watoto. Nikasema sijui. Kweli sijui.

Akainuka, akaenda maabara, akaifungua diski ile kwa bisibisi yake mwenyewe. Akaileta ameizungushia kitambaa. Akatusaidia kubeba kabati kwenye mvua hadi garini. Hakuaga. Alirudi darasani.

Kivuko cha kurudi kilichelewa. Nimekaa nyuma ya gari nimeishika ile diski mapajani. Nilikuwa nachukia kazi hii. Nachukia kwamba mtu mmoja Dar alidhani, na mwingine ng'ambo amepoteza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeingia kazini kukipambazuka. Kabati limekauka, nililiachia feni.

Kwanza nimezitoa safu mbili za juu. Hizo zina nakala zake kwenye kabati jipya, na seva ikiona mapacha, Kulwa wawili na Doto wawili, haitajua nani ni nani. Nimebakiza ya chini peke yake. Nikairudisha diski aliyoifungua Mwalimu Domina kwenye tundu lake. Tundu la nne nimeliacha wazi. Nikaunganisha waya. Nikawasha.

Mlio mbaya, kama wa mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Taa tatu. Njano, zote. Nimesimama naziangalia. Mama Kabula alikuja akasimama mlangoni. Moja ikawa kijani. Ya pili. Ya tatu ikabaki njano, ikabaki, ikabaki.

Kijani.

Kabati likalalamika kwamba limepoteza diski moja, lakini litajitahidi. Nimeiambia seva itafute upya. Safu ya kwanza, ipo. Ya pili, ipo. Ya tatu, ipo. Nikaliwasha ghala kwa kusoma tu, bila kuandika, nisije nikaharibu. Folda ikajaa.

Mama Kabula alishaondoka mbio kabla sijageuka. Kwa umri wake, mbio.

Picha ya Pendo imefunguka. Nimeiona kwenye skrini ya Mama Kabula: fuvu jeupe, na kando, karibu na sikio, kidoa kama punje ya kunde. Mimi sijui kusoma picha. Daktari mgeni akaiweka pembeni ya ile mpya. Akapima moja. Akapima nyingine. Akarudia. Mama Kabula alikuwa amenishika mkono, ananiumiza.

Haujakua. Hata kidogo.

Hawatampasua. Atarudi kupigwa picha nyingine mwakani.

Nimerudi chumba cha seva kuanza kuihamisha safu ya tatu kwenye kabati jipya, polepole, huku nikiomba hizi diski tatu zichoke kesho, si leo. Furaha haijaja. Nilidhani itakuja. Kimekuja kichwa kuuma.

Jumamosi, 8 Machi

Uhamishaji umekamilika. Kila kitu kiko kabati jipya. Nakala ya kwanza inaandikwa kwenye diski ya pembeni, nitakwenda kuihifadhi jengo jingine. Dkt. Mabula amekubali bila maneno mengi. Nimemwambia pia habari ya shule. Amesema watalifikiria kwenye kikao. Najua "watalifikiria" maana yake nini. Nitamsumbua.

Rashidi ameandika ujumbe wa kuomba radhi. Mrefu. Nimejibu: sawa.

Jumapili, 9 Machi

Zamu yangu ya kukagua. Sikwenda kanisani. Seva salama.

Nikitoka, nimemkuta mama mmoja kwenye ukumbi wa mapokezi, amesimama na mfuko wa nguo na ndoo ndogo, bahasha ya picha kwapani. Kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa hajui atokee wapi. Akaniamkia mwangaluka, nikaitikia nusunusu, Kisukuma changu kibovu. Akanionyesha karatasi yake ya kuruhusiwa, anauliza lango la kuelekea kwenye magari ya Magu ni lipi. Nimeliona jina: Pendo.

Nimembebea ndoo hadi nje. Hakuwa na haraka. Njiani alisema mpunga wake ameuacha umechanua, sasa ndege watakuwa wameumaliza, watoto wanne nyumbani na hakuna hata mmoja anayejua kuwafukuza vizuri. Alisema kwa hasira kabisa, kama mtu mwenye shida ya kawaida.

Langoni akachukua ndoo, akashukuru, akavuka barabara. Nilisimama hadi alipopotea nyuma ya magari. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, lami inafuka mvuke. Nikaenda nyumbani nikalala mchana kutwa.