Kwa Baba Mkwe, Kuhusu Baiskeli Isiyopumzika

Mpendwa baba mkwe,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila mdomo umeshazoea, na wewe ulikuwa hupendi mtu anayeanza maneno bila salamu. Nimekaa uani na cherehani yangu. Mama amejilaza ndani, mwanao Anton bado yuko njiani kutoka kazini kwake kwenye miwa, Kidatu. Kesho ni arobaini yako. Baada ya misa ukoo utakaa na vitu vyako vitagawanywa. Jembe, redio, koti la mvua, sijali atachukua nani. Lakini baba mdogo Filbert ameshatangaza kwamba baiskeli ni haki yake, mdogo wa marehemu, na akishaichukua ataitia friwili ili pedali ziweze kutulia, iwe baiskeli ya watu. Bila baiskeli hiyo siwezi kuwahi kazini Mlabani, kule mjini, na nisipowahi, Mama Sabina ana wasichana wengine wanaojua kushona. Usingizi umenikataa siku tatu, ndiyo maana nimeona bora nikuandikie.

Nilipoolewa hapa ng'ambo ya mto, kitu cha kwanza kilichonishangaza kwako ni miguu. Wenzako wakitoka shambani waliacha pedali zitulie, baiskeli ikajiendea yenyewe, wao wakapiga soga. Miguu yako ilizunguka tu, hata kwenye mteremko, nami nikadhani una haraka isiyokwisha. Anton ndiye aliyenieleza kuwa friwili ilikufa zamani, na badala ya kununua nyingine ukamwambia fundi aichomelee, gurudumu na pedali viwe kitu kimoja. Gurudumu likienda, miguu inaenda. Samahani Baba, nilifikiri ni ubahili.

Kisha Anton akapata kazi ya miwa, na mimi nikapata nafasi ya majaribio kwenye kibanda cha ushonaji cha Mama Sabina. Kutoka hapa hadi kwenye pantoni, halafu ile barabara ya mchanga mpaka mjini, kwa miguu ni mbali. Wiki ya kwanza nilichelewa mara mbili, na Mama Sabina akasema ya tatu nisijisumbue kuingia. Habari hiyo ilikufikia kupitia kwa Mama. Asubuhi iliyofuata nikakuta baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko, na hakuna aliyesema ni ya nani.

Anayemfundisha mtu baiskeli lazima ashike siti. Wewe usingeweza. Mimi na wewe hatukuwahi kupeana mkono, na tukikutana kwenye kijia cha mpunga mmoja wetu aliingia kwenye matope ili mwenzake apite. Heshima ya mkwe hukuichezea hata siku moja. Basi ukasimama kule kwenye ghala, uso umeuelekeza barabarani, ukaongea na mkeo.

"Mwambie asiache miguu. Akiisimamisha, baiskeli haitasimama naye."

Mama, aliyekuwa karibu yangu kuliko yako, akanigeukia na kuniambia nisiache miguu. Nikamwomba akuambie nimesikia. Akakuambia nimesikia, na ulikuwa umeshasikia. Tulikwenda hivyo siku nne, Mama akilalamika kwamba tumemfanya redio. Siku ya tano nikaondoka peke yangu.

Sasa niseme kosa langu, ambalo ulilijua na hukulisema. Kule kivukoni wasichana walinicheka. Kwenye mteremko miguu ilikwenda mbio, kitenge kikapanda juu ya magoti, na wao wakaniuliza kama nakimbizwa na nyuki. Niliona aibu mno. Nikambembeleza fundi mmoja wa mjini aitoe ile iliyochomelewa na kuniwekea friwili iliyotumika. Jioni ile niliondoka kazini natamba. Niliacha miguu itulie, nikajisikia mtu mzima, na kwenye keria nilikuwa nimefunga furushi la magauni meupe ya komunyo ya kwanza, niliyopewa nikayapinde nyumbani.

Ilikuwa masika. Ule mteremko wa kwenda majini unaujua kuliko mimi. Nikabana breki, raba zikateleza kwenye ringi iliyolowa, na baiskeli ikazidi mwendo. Mbele yangu pantoni ilikuwa inashusha watu na magunia yao. Miguu yangu ilikuwa pale pale kwenye pedali na haikuwa na kazi yoyote ya kunisaidia. Nikakata kona nikaingia kwenye matete, chali, mimi na magauni.

Nawe ulikuwa ndio unashuka kwenye pantoni, unapeleka jembe kwa mhunzi, kwa miguu kwa sababu baiskeli nilikuwa nayo mimi. Ukaliacha jembe chini. Ukaingia kwenye tope, ukanishika mkono hapa juu ya kiwiko, ukaniinua. Wazee waliokujua walitazama pembeni.

"Beata," ulisema, "umeumia?"

Hukuwa umewahi kunitaja jina. Nikasema sijaumia, kisha nikalia, maana nilishayaona magauni. Wewe ukazizungusha pedali kinyumenyume, friwili ikalia tik tik tik, na hukuniuliza kitu. Ulilibeba furushi mwenyewe na safari ya mhunzi ukaiacha.

Tulipokuwa tunavuka ulisimama umeyatazama maji. Mama hakuwepo wa kupitishia maneno, kwa hiyo ukayaelekeza huko huko mtoni, polepole, nami nikayapokea kwa nyuma.

"Breki inaweza kukatika bila kukuaga. Mimi mzigo ukinisukuma, nausukuma na mimi kwa miguu. Napenda kujua nguvu niliyobakiza."

Magauni yale Mama aliyafua kwa sabuni, ndimu na buluu, yakarudi meupe yote isipokuwa moja. Nilimpelekea Mama Sabina nikamweleza ukweli bila kupunguza. Alinigombeza mpaka wateja wakaona haya, akanifanya nikate kipande cha chini cha lile lenye doa na kukishona upya, akakifumua, nikashona tena. Lakini hakunifukuza. Mchana huo huo nilikwenda kwa fundi kumwambia airudishe ile ya zamani. Akaniuliza mara mbili kama nina akili timamu. Hiyo ndiyo siku niliyoichagua baiskeli yako kwa hiari yangu, Baba, na hakuna aliyeniamuru.

Tangu hapo watu hawajachoka kuniuliza sababu, na huwa nawajibu ovyo ili niondoke. Wewe nakueleza. Kwenye mchanga nasikia tairi linataka kuteleza kabla halijateleza, habari inanijia kwenye nyayo. Nikitaka kwenda polepole nazuia kwa mapaja, na baiskeli inanitii. Nachoka zaidi, ni kweli. Lakini nafika nikijua njia yote nilikuwepo, hakuna hata kipande nilichobebwa tu. Naipenda hali hiyo kuliko kupumzika.

Jumatatu, alfajiri. Barua niliiacha hapo juzi, naimalizia haraka.

Walikaa jana baada ya chakula. Baba mdogo Filbert alisema yake, wazee wakatikisa vichwa kukubali. Anton akataka kusimama, nikamzuia kwa macho. Nilisimama mwenyewe kutoka kwenye mkeka wa wanawake, mbele ya wakwe wote. Nikawaambia kwamba baiskeli hiyo ndiyo kazi yangu, kwamba wewe uliniegemezea ukutani kwa mkono wako, na kwamba nikinyang'anywa nitakuwa nimefukuzwa kazi na ukoo wangu wenyewe. Nilisema na kuhusu matete. Nilisema uliniinua. Kuna waliokuwa wamelisikia kama uvumi, sasa wakalisikia kwangu, na sikuona haya hata kidogo.

Baba mdogo akacheka. Akasema maneno mazuri, lakini yeye anaipeleka kwa fundi sasa hivi. Akapanda. Akaenda hatua kama ishirini vizuri, watu wanamtazama, halafu akafanya alichokifanya maisha yake yote akitazamwa: akatuliza miguu ajipinde na kutupungia mkono. Pedali zilimnyanyua kwenye siti na kumlaza kwenye mpunga ulioanikwa wa jirani.

Ni arobaini, nani angecheka. Tukabana midomo, mpaka Mama akaangua kicheko. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipokuzika. Baada ya hapo hatukuweza kujizuia, hata padre aliyekuwa anamalizia chai. Baba mdogo akarudi anajikung'uta mpunga kwenye kola, akaniletea baiskeli hadi mkononi.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Mimi hii itaniua, na kaka atanicheka huko aliko."

Wazee wakaona limeisha.

Jioni Mama alikuja kukaa karibu na cherehani. Akazungukazunguka na habari za mboga, kisha akaniuliza kama keria inaweza kumbeba mtu mzima. Miaka yote ile ulibebea mpunga, yeye akija nyuma kwa miguu, na hakuna aliyewahi kufikiria vingine. Anataka aone ninapofanyia kazi. Nilimwambia mteremko wa mtoni unatisha. Akasema si nina miguu.

Sasa hivi ninapoandika amekwisha kuvaa kitenge cha kanisani na amekaa kwenye keria, ingawa baiskeli bado nimeiegemeza ukutani. Ananiita nitoke, tutachelewa pantoni. Anauliza ashike wapi asianguke. Nimemwambia anishike mimi.

Pumzika, Baba. Tumekwenda.

Mkweo,
Beata